Kinu Hakipandi Boti

Binti yangu alinipigia simu Jumapili baada ya ibada, nikiwa bado nimevaa viatu vya kanisani vinavyonibana, akaniambia harusi itakuwa Zanzibar. Si Dar es Salaam anakofanya kazi, si Mwanza kwa wazazi wa mchumba wake, wala si Masasi nilikomlea. Zanzibar, hotelini, ufukweni, viti vyeupe juu ya mchanga. Tena sherehe moja tu. Ile ya kumuaga, ambayo kwa desturi sisi upande wa mwanamke ndio huiandaa nyumbani, haitakuwepo.

"Tumeunganisha, Mama, ili tubane matumizi," akasema, kwa sauti ya mtu anayekuletea zawadi.

Nikamuuliza swali moja tu. "Nani atapika?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Hoteli wanapika, Mama! Safari hii hushiki mwiko."

Mimi sikucheka. Nilivua viatu nikakaa kitandani, na hofu ikaniingia kabla sijajua kwa nini.

Sababu naijua sasa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, mzaliwa wa Mkunya kule Newala, mkazi wa Masasi tangu nilipoolewa. Pesa sijawahi kuwa nazo na sijawahi kujidai kwamba ninazo. Nilichokuwa nacho ni mgongo. Kwetu kule juu mtu akioza mtoto, sisi wanawake hatumpelekei bahasha, tunampelekea mikono. Tunabeba maji, na maji ya Newala wakati wa kiangazi si kitu cha kuchezea, ndoo moja ni zawadi kamili. Tunatwanga, tunachambua mchele, tunachanja kuni, tunasonga ugali kwenye masufuria ambayo mtoto anaweza kuogea ndani. Karibu kila likizo ya shule nilipanda gari kwenda Mkunya kupika harusi ya mtu. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania: "Mwalimu, hii ni likizo au zamu?" Nilikuwa namwambia anyamaze, hajui biashara. Kwa kila mgongo niliouinamisha kwenye kinu cha mwenzangu, kulikuwa na mwanamke aliyejua kwamba siku yangu ikifika atainamisha wake. Mambo hayo hayaandikwi popote na hakuna anayeyasahau. Wenzangu shuleni walikuwa wakiweka akiba ya harusi za watoto wao kwenye vikoba. Mimi nilijiona tajiri kuliko wote, nikalala usingizi.

Kamati ilikaa sebuleni kwangu. Mwenyekiti alikuwa jirani yangu, mfanyabiashara mwenye asili ya Mbeya anayeuza vifaa vya ujenzi, mtu mwema sana na mkali wa hesabu. Alianza na kichwa kimoja. Akasema tusihesabu harusi, tuhesabu kichwa: kichwa kimoja kinatoka Masasi kwa basi, kinalala Dar, kinapanda boti, kinalipiwa chumba, kinalipiwa sahani hotelini. Alipojumlisha, mke wake akaguna. Kichwa kimoja kilikuwa kimekula pensheni yangu ya miezi kadhaa, na mimi nilikuwa na ukoo mzima wa vichwa.

"Sasa tuseme, Mwalimu, michango unaitegemea kwa nani?"

Nikaanza kumtajia. Huyu nilimpikia harusi za mabinti zake wote, ataleta maji. Yule nilimlelea mtoto wakati wa msiba wa mumewe, ataleta kuni na wakwe zake watatwanga. Wale wa mtaa wa kanisani watakuja na masufuria yao. Niliongea kwa furaha, nadhani hata mikono niliirusha. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaweka kalamu mezani taratibu.

"Mwalimu, samahani. Hivi vyote havipandi boti."

 Mke wake akainuka kwenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Kadi za michango tulichapisha hata hivyo. Masasi ni mji wa watu wastaarabu, hawakatai kadi, wanaipokea kwa mikono miwili na kuiangalia vizuri. Kisha wanauliza: ukumbi upi? Ukisema Zanzibar, uso unabadilika. Mwalimu mwenzangu mmoja, mcheshi, aliniambia waziwazi: "Yaani nichange, halafu sahani yangu niifuate kwa boti?" Tukacheka wote wawili. Nyumbani nililia. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, lakini walikuwa hawajaona kadi ya harusi isiyo na chakula. Waliotoa walitoa kama wanaotoa sadaka ya pili, kwa heshima yangu, na sikuwalaumu. Hata mimi ningefanya hivyohivyo.

Bado sikuwa nimekwenda Mkunya. Nilikuwa naahirisha. Nikajiambia nina mafua, nikajiambia nasubiri kitenge kiishe kushonwa. Mwisho nikapanda gari, tukakwea mlima, na nilipoteremka nikakuta habari imenitangulia, ila nusu tu. Walijua mtoto anaolewa. Hawakujua wapi.

Mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, alikuwa ameketi barazani akibangua korosho, vidole vimebabuka kwa mafuta makali ya maganda yake. Huyo ndiye aliyempokea binti yangu alipozaliwa na kumwogesha kwa siku zote nilipokuwa sijiwezi. Wanawake wanane au tisa walikuwa wamekusanyika kwake wakinisubiri.

"Shikamoo, Mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Haya tuambie. Sare rangi gani?"

"Na lini tuanze kutwanga?" akadakia mwingine. "Maana muhogo wangu upo tayari, nimeuanika mwenyewe."

Nikawaambia. Nilijaribu kuipamba: bahari, boti kubwa, hoteli yenye wapishi wenye kofia ndefu. Nikasema hata mababu wa marehemu mume wangu, walipokombolewa utumwani, waliletwa Masasi na wamisionari kutoka hukohuko Zanzibar, kwa hiyo ni kama mtoto anarudi kwao. Hayo yalikuwa maneno ya binti yangu, na mimi nilikuwa nimeshamjibu kwenye simu kwamba mababu zake meli iliwashusha Lindi wakaja kwa miguu na hakuna aliyewatoza chumba. Lakini pale nikayatumia. Sikuwa na mengine.

 Mama mkubwa akaendelea kubangua korosho mbili au tatu, kisha akaacha.

"Mlete kwanza huku tumuage. Siku moja tu."

"Hana likizo, Mama mkubwa. Siku zilizobaki ni za hiyo harusi yenyewe. Wamesema watakuja Pasaka."

"Pasaka atakuwa mke wa mtu. Bibi harusi haagwi akiwa ameshaondoka."

"Najua."

"Hujui." Hakupaza sauti. "Wewe unahesabu tutakavyofika huko. Mimi nahesabu kitu kingine. Hawa wote unaowaona, umewapikia. Huyu umempikia mara mbili. Sasa tutakulipa lini? Huna mtoto mwingine wa kuoza. Unataka tufe na deni lako? Na kesho mtu akioza hapa, tutakuita kwa uso gani, sisi tusiokulipa?"

Hapo ndipo nilipoelewa ninachokipoteza. Siku zote nilidhani akiba ni yangu, na kwamba kama haitatumika hasara ni yangu peke yangu. Kumbe nilikuwa nawafungia hawa wanawake mlango wa kutoka kwenye deni. Kwetu mwenye kudai ambaye halipiki ni mtu wa kuogopwa, unamkwepa kwa adabu. Nilitamani kupiga magoti. Nikaahidi pale pale, mbele yao, kwamba nitawapeleka. Nikasema ndugu yangu ana korosho, nitawapeleka wote, hata kama hawatatwanga wataonekana, watapiga vigelegele, watamwimbia mtoto wao. Mama mkubwa akaniangalia akasema, "Haya." Wengine wakaanza kuulizana kama boti inatapisha.

Ndugu yangu ni mdogo wangu, mkulima, mjomba wa bibi harusi. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Alikuwa ameniambia toka mwanzo: "Dada, usihangaike, korosho zikiuzwa mnadani basi zima la Kosta nalikodi mimi." Alimaanisha. Mikorosho ilikuwa imechanua vizuri mwaka ule, alipuliza dawa kwa wakati, alikuwa akitembea shambani kama mwenye benki. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mimi nililijua hilo, nimelifundisha darasani, nimewapa watoto wamalizie, nimewasahihishia. Nikategemea vilevile.

Mvua ikaja mapema. Haikuja kwa hasira, ilikuja mchana, mvua nzuri ya kawaida ambayo mwenye mahindi angeishukuru. Korosho zake zilikuwa zimeanikwa uani na yeye yuko shambani anaokota nyingine. Alipofika zilikuwa zimelowa, na mvua ikakaa siku kadhaa hazikauki. Zilipopimwa ghalani zikawekwa daraja la chini, na malipo yenyewe yangekuja baada ya Krismasi. Harusi ilikuwa kabla ya Krismasi. Alikuja Masasi kuniambia ana kwa ana, hakutaka simu. Alikaa kwenye kiti cha sebuleni kofia mkononi na hakugusa chai.

"Dada, Kosta haipo."

Nilimfokea. Nilimwambia mambo ya turubai ambalo angeweza kununua kwa bei ya kreti moja ya bia. Alikuwa akiizungusha kofia tu mkononi, na hilo likanikera zaidi. Halafu nikachoka, nikakaa sakafuni karibu na miguu yake, mtu mzima na mvi zangu, nikamuuliza tufanye nini.  

Nikampigia binti yangu. Sikuwahi kumwomba kitu tangu aanze kazi, na nilimwomba vibaya, kwa kelele. Nikamwambia arudishe harusi nyumbani.

"Mama, hoteli tumeshalipa. Hairudishwi."

"Basi lipia ndugu zako waje."

"Wangapi?"

Nikamwambia. Nikamsikia akivuta pumzi.

"Mama, mimi na mwenzangu tumekopa. Unajua tumekopa? Sikutaka kukuambia. Tunaomba upunguze watu."

"Watu si sukari ya chai, mwanangu!"

"Na mimi sichapishi hela!" Akaanza kulia. "Nilitaka kitu kizuri, Mama. Mara moja tu. Nilitaka usichoke, usiinamie moshi siku ya harusi yangu, nimekuona ukiinamia moshi wa watu maisha yangu yote."

 Alikuwa amenipenda kwa namna yake, na upendo wake ulikuwa unanivunja. Nikamwambia asilie, bibi harusi halii, atavimba macho. Nikakata simu nikapunguza watu.

Kazi hiyo naikumbuka kuliko kazi zote nilizowahi kufanya. Kila wiki mwenyekiti alikuja na kiasi kilichopatikana, tukakigawa kwa kichwa kimoja, na vichwa vikawa vichache kuliko wiki iliyopita. Nikaondoa binamu. Nikaondoa wake za binamu. Nikaondoa wanawake wa mtaa wa kanisani, wote kwa pamoja, kwa sababu sikuweza kuchagua. Mwisho akabaki Mama mkubwa peke yake, awawakilishe wenzake wote. Nikamtumia salamu ajiandae. Akanirudishia jibu kwa mjukuu wake: hawezi kwenda kula sahani moja wakati wenzake tisa wako nyumbani, atawaambia nini akirudi, kwamba ilikuwa tamu? Nilijua atasema hivyo. Nilikuwa nimemwomba Mungu Mama mkubwa asije akasema hivyo.

Tukaenda watano: mimi, mdogo wangu, shemeji yangu kutoka Tunduru, na mwenyekiti na mkewe waliojilipia wenyewe. Upande mzima wa bibi harusi ni watu watano, na wawili kati yao ni wa Mbeya.

Harusi ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Mtoto alipendeza nikasahau kila kitu kwa muda. Halafu tukaingia kwenye sherehe, na viti vilikuwa vimepangwa pande mbili, kushoto upande wa bwana, kulia upande wetu. Kushoto watu wa Mwanza wamejaa, sare ya bluu, wamama wanene wenye furaha waliokodi basi zima kuvuka nchi. Kulia sisi watano kwenye safu ya mbele, na nyuma yetu marafiki wachache wa kazini kwa binti, kisha viti vitupu hadi mwisho, vyeupe, upepo unacheza na riboni zake. Wapiga picha walianza kutafuta pembe ya kusimama wasivione. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama mkwe wa binti yangu aliona. Ni mwanamke mwenye utu. Alinong'onezana na wenzake, na mara nikaona wamama kama kumi wenye sare ya bluu wanainuka, wanavuka katikati, wanakuja kukaa nyuma yetu, wakitusalimia kwa heshima zote. Walituazima watu. Mshereheshaji alipotuita tupeleke zawadi, walitusindikiza wakicheza, wakapiga vigelegele kwa ajili yangu, kwa nguvu, kwa moyo, vigelegele vya Kisukuma. Mdogo wangu, aliyekuwa amebeba doti za khanga kichwani, akaniinamia sikioni: "Nguo ya kuazima haisitiri matako, Dada." Nikacheka, na kicheko hakikutoka vizuri, machozi yakatangulia. Mmoja wa wale wamama akanifuta uso kwa leso yake huku bado anacheza.

"Pole, dada. Kwenu hamna watu?"

"Wapo," nikamwambia. "Wapo wengi sana."

Binti yangu na mumewe walikuja Pasaka kama walivyoahidi. Tulikwenda Mkunya wakagawa soda na vitenge, wakapokewa vizuri, wakaondoka jioni. Hakuna aliyenilaumu. Nilingoja lawama kama mtu anavyongoja mvua, maana mtu akikugombeza bado ni wako. Haikuja.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, nikasikia sokoni Masasi kwamba mwanamke mmoja wa Mkunya anaoza kitindamimba wake. Ni yule niliyempikia mara mbili. Nilisikia kwa mpita njia, mimi ambaye zamani nilikuwa natumiwa mtu kabla hata mahari haijatajwa. Nikajiambia wamesahau, wana shughuli nyingi. Nikabeba kisu changu cha kukatia vitunguu, nikapanda gari la asubuhi bila kuitwa.

Nilipofika turubai lilikuwa limeshafungwa na moshi unapanda nyuma ya nyumba. Nilisikia michi mitatu inapokezana kwenye vinu na sauti ya Mama mkubwa ikiimbisha. Nikazunguka nyumba kuelekea huko, nikianza kufunga khanga kiunoni. Mwenye shughuli akaniona. Akaacha kila kitu akaja mbio akifuta mikono, uso umejaa furaha ya kweli.

"Jamani, Mwalimu! Umetoka Masasi kote huko! Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja kusaidia."

"Aa, wewe tena usisumbuke." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanigeuza taratibu, akanirudisha mbele ya nyumba, chini ya turubai, walikokaa diwani, mchungaji na wageni waliotoka Mtwara. Akanitafutia kiti chenye mgongo, akakifuta vumbi kwa pindo la khanga yake mwenyewe. Akaagiza niletewe soda. Nikafungua khanga kiunoni nikajifunika magotini, nikaketi na wageni, nikanywa.